Shangazi, ninunue almasi ipi kwa akiba hii ndogo?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 46, na mwaka huu mimi na mke wangu tunatimiza miaka 20 ya ndoa. Siku tulipooana hatukuwa na kitu; pete niliyomvisha ilikuwa ya fedha, nyembamba, isiyo na jiwe, na hata hiyo niliinunua kwa pesa za kuazima. Alipokuwa na mimba ya kitinda mimba wetu vidole vilimvimba hadi pete ikalazimika kukatwa kwa koleo, na tangu hapo imekaa ndani ya kopo la vifungo kwenye meza yake ya kushonea, kwa kuwa yeye ni fundi cherehani na kopo hilo ndilo sanduku lake la hazina. Hajawahi kunidai pete nyingine. Ila siku moja tulipita mbele ya dirisha la duka la vito, akasimama, akaniambia, “Tazama mwanga unavyocheza humo ndani,” kisha akaendelea na safari yake kana kwamba hakusema kitu. Maneno hayo hayajanitoka.

Kwa miezi 18 nimekuwa nikiweka akiba kidogo kidogo bila yeye kujua. Si pesa nyingi, na zikiisha hizi sina pa kupata nyingine. Wiki iliyopita nilijipa moyo nikaingia katika maduka matatu, nami nimetoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia.

Katika duka la kwanza nilioneshwa pete yenye almasi ya karati moja kamili, kwa bei inayomaliza akiba yangu yote na kudai nyongeza ambayo muuzaji alisema ningeweza kuilipa kwa awamu. Jiwe lilikuwa kubwa, lakini lilionekana kama maji yaliyodondoshewa tone la maziwa. Nilipouliza cheti, muuzaji alicheka akasema, “Mzee, karati moja ni karati moja.” Katika duka la pili mama mmoja mtaratibu alinionesha jiwe la zaidi kidogo ya nusu karati, lenye cheti, kwa bei ambayo ningeimudu kwa shida. Niliona aibu kwa udogo wake, hadi alipolisogeza karibu na dirisha likanimulika machoni. Katika duka la tatu kijana alinitolea jiwe la karati moja na nusu, safi kama maji ya mvua, kwa bei isiyofika hata nusu ya akiba yangu. Alieleza kwamba limetengenezwa maabara na kwamba ni almasi kama almasi nyingine yoyote. Sikumwamini, wala sikupata la kumpinga.

Shemeji yangu ninayemshirikisha siri hii ana lake. Anasema ninunue jiwe linaloitwa moisanaiti, linalofanana na almasi na ni rahisi zaidi, nimpe mke wangu nikimwambia ni almasi, halafu ninyamaze. “Nani atamwambia?” ndilo swali lake.

Shangazi, nichague lipi kati ya haya? Na hiyo almasi ya maabara ni almasi kweli, au ni kioo kilichopewa jina zuri?

Mume wa Fundi Cherehani

Jibu la Shangazi

Marahaba, mwanangu. Nianze na lile lisilo na utata: pete ya duka la kwanza iache huko huko.

Muuzaji aliyekuambia kwamba karati moja ni karati moja hakusema uongo, ila alisema ukweli usiokufaa. Karati ni kipimo cha uzito tu. Karati moja ni gramu 0.2, na watu wa biashara hiyo huigawa katika pointi 100, ndiyo maana utawasikia wakitaja jiwe la pointi 50 wakimaanisha nusu karati. Mkeo ni fundi, naye atakuelewa mara moja ukimwambia kwamba kilo ya pamba na kilo ya hariri zina uzito mmoja, lakini hakuna anayezilipia bei moja. Tena uzito wa almasi hauonekani wote kidoleni. Jiwe la mduara la karati moja lililokatwa vizuri lina upana wa milimita 6.5 hivi, lakini lililokatwa kwa kina kupita kiasi huficha sehemu ya uzito wake chini, ndani ya pete, mahali ambapo hakuna atakayeuona, nawe utakuwa umeulipia wote.

Vipimo hivyo vya milimita ndivyo vinavyomwokoa mwenye akiba ndogo, kwa hiyo nivumilie kidogo. Almasi ya karati 0.90 iliyokatwa vizuri ina upana wa karibu milimita 6.2. Tofauti yake na ile ya karati moja ni milimita 0.3, ambazo hata wewe mwenyewe huwezi kuziona bila kuyaweka mawe mawili bega kwa bega. Lakini bei ya almasi haipandi kama ngazi yenye vidato sawa. Huruka kila inapofika nusu karati na karati kamili, kwa sababu wanunuzi wengi wanataka namba iliyotimia. Anayekubali karati 0.90 badala ya 1.00, au 0.47 badala ya 0.50, hapotezi chochote machoni na hubaki na pesa mfukoni. Hata nusu karati, ambayo kwa uzito ni nusu, kwa upana ni milimita 5.1 hivi, yaani karibu asilimia 80 ya upana wa karati nzima. Lile jiwe lililokutia aibu katika duka la pili si dogo kama ulivyodhani.

Na hilo ndilo lililokumulika machoni. Mkeo aliposimama mbele ya dirisha hakusema “tazama lilivyo kubwa.” Alisema mwanga unacheza, na kinachouchezesha mwanga ndani ya almasi ni mkato wake kuliko kitu kingine chochote. Jiwe la mduara lina nyuso 57 au 58, na kila moja ni kioo kidogo. Zikiwa zimepangwa kwa pembe zinazofaa, mwanga huingia kwa juu, hugonga upande mmoja wa ndani, huvukia upande wa pili, kisha hurudi juu machoni mwa mtazamaji. Likikatwa kina kifupi mno, mwanga hutoka kwa chini na jiwe huonekana tupu katikati. Likikatwa kina kirefu mno, katikati huwa na giza kama kichwa cha msumari. Marcel Tolkowsky, aliyetoka katika ukoo wa wakataji almasi wa Antwerp, alichapisha hesabu za pembe hizo mwaka 1919, na wakataji wa leo wamezirekebisha bila kuachana nazo. Kwa hiyo ukilazimika kubana matumizi, bana kila mahali ila hapo. Kwa jiwe la mduara, dai daraja la juu kabisa la mkato lililoandikwa kwenye cheti.

Usiridhike na karatasi peke yake, lakini. Taa za duka la vito huwekwa makusudi, ndogo ndogo, kali, zikielekezwa chini, na chini ya taa hizo hata kipande cha chupa hupendeza. Omba ruhusa ulipeleke jiwe dirishani. Kisha ligeuzie mgongo dirisha hilo, likinge kwa kiganja chako ili likae kivulini, ulitikise taratibu. Almasi iliyokatwa vizuri huendelea kuwa hai hata kivulini, ikibadilisha weupe na weusi kila inaposogea, ilhali iliyokatwa vibaya huzimika na kuwa ya kijivu kama dirisha la nyumba isiyo na mtu. Yule mama mtaratibu alikuonesha dirishani bila kuombwa. Muuzaji wa namna hiyo namheshimu.

Sasa, pa kupunguzia. Rangi ya almasi hupangwa kwa herufi kuanzia D, isiyo na rangi kabisa, hadi Z, yenye umanjano au ukahawia unaoonekana wazi. Kati ya D na H wataalamu hutofautisha kwa kulilaza jiwe kifudifudi juu ya karatasi nyeupe na kulilinganisha na mawe ya mfano. Likishasimama kidoleni, mtu wa kawaida haoni tofauti. Chukua G, H, hata I. Ukichagua pete ya dhahabu ya manjano waweza kushuka mpaka J au K, kwa kuwa dhahabu yenyewe hulipa jiwe joto lake na hakuna atakayejua umanjano umetoka wapi. Usafi nao una madaraja 11, na hupimwa kwa lenzi inayokuza mara kumi. Mkeo hatavaa lenzi. Daraja la VS2, ambalo ni la katikati, au SI1 lililo chini yake ulilokagua kwa macho yako mwenyewe ukaridhika kwamba huoni doa, linatosha kabisa, na bei yake iko mbali sana na ya jiwe lisilo na kasoro. La kuogopa ni ule ukungu uliouona katika duka la kwanza: unatokana na vijidoa vidogo mno vilivyotapakaa kama vumbi, vinavyozuia mwanga kupita, na hakuna mkato uwezao kuuponya. Utasikia pia kwamba baadhi ya almasi hung'aa kwa rangi ya bluu zikipigwa na mionzi ya urujuanimno. Sifa hiyo mara nyingi huzishusha bei, na kwa mawe mengi haina madhara yoyote kwa macho, kwa hiyo ukiletewa jiwe la namna hiyo lenye uangavu safi kwenye mwanga wa jua, usilikimbie.

Kuhusu cheti, kicheko cha yule muuzaji kilitosha kukufungulia mlango utoke. Cheti cha maana hutolewa na maabara isiyouza jiwe lenyewe, kama GIA ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1931, au IGI iliyoanzia Antwerp mwaka 1975. Cheti kilichochapishwa na duka lenyewe ni sawa na mwanafunzi kujisahihishia mtihani. Mawe mengi yenye vyeti huandikwa namba kwa miale ya leza kwenye mshipi wake, ule ukingo mwembamba unaozunguka kiuno cha jiwe. Omba lenzi, uisome namba hiyo pole pole, uilinganishe na ya kwenye cheti, halafu uitafute katika tovuti ya maabara husika kabla hujatoa pesa. Hapo utajua pia kama jiwe limefanyiwa matibabu. Zipo almasi zilizojazwa nyufa kwa kitu mfano wa kioo ili zionekane safi. Ni rahisi kwa bei, lakini siku sonara atakapoipitishia pete hiyo moto wa kuchomelea, kile kilichojazwa huweza kuharibika na nyufa zote zikajitokeza. GIA hawatoi cheti kwa mawe yaliyojazwa nyufa, na wewe usiyaguse.

Nije kwenye duka la tatu, ambalo naona ndilo limekunyima usingizi. Ndiyo, almasi ya maabara ni almasi. Ni kaboni ile ile, iliyopangika kwa mpangilio ule ule, yenye ugumu ule ule wa 10 katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa mawe, ambacho mwisho wake ni 10. Kampuni ya General Electric ilifaulu kuitengeneza Desemba 1954 kwa kuibana kaboni kwa shinikizo na joto kubwa, na leo ipo pia njia ya kuikuza tabaka kwa tabaka kutoka katika gesi yenye kaboni. Mwaka 2018 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliondoa neno “asilia” katika maelezo yake ya almasi ni nini. Hakuna jicho, hata la sonara mkongwe, linaloweza kuitofautisha na ya ardhini. Ni mitambo ya maabara tu iwezayo. Kijana hakukudanganya.

Kuna jambo ambalo pengine hakulitaja. Bei ya almasi za maabara imekuwa ikiporomoka kwa miaka kadhaa, kwa sababu mtambo unaotengeneza moja unaweza kutengeneza nyingine kesho, na ukitaka kuiuza baadaye utapata kidogo sana au usipate mnunuzi. Usijidanganye, hata hivyo, kwamba ile ya ardhini ni benki. Nilikaa miaka mingi nyuma ya kaunta ya sonara, na waliokuja kuuza pete zao karibu wote waliondoka na chini ya nusu ya walicholipa, baadhi yao wakilia. Anayenunua almasi moja ya kuvaa ananunua pambo, na pambo hulipwa kwa kuvaliwa.

Tofauti inayobaki ni ya moyo. Wapo wanaotaka jiwe lililotoka chini ya ardhi, lenye umri wa mabilioni ya miaka, na hawataki jingine. Wapo wengine wanaokosa raha wakikumbuka almasi zilizogharimia vita, zile zilizosababisha mataifa kuanzisha Mchakato wa Kimberley, mpango wa kuzuia biashara ya almasi hizo, mwaka 2003, na hao huona afadhali jiwe la maabara. Sijui mkeo yuko upande upi, na ninashuku hata wewe hujui. Ni jambo unaloweza kulichokonoa katika mazungumzo ya kawaida bila kufichua siri yako: mwambie umesikia kuna almasi zinazotengenezwa na watu, kisha unyamaze umsikilize.

Kuhusu ushauri wa shemeji yako nitasema kwa kirefu kidogo, maana umenikera. Moisanaiti yenyewe sina ugomvi nayo. Ni jiwe zuri la kaboni na silikoni ambalo mkemia Mfaransa Henri Moissan alilikuta kwanza, mwaka 1893, katika vipande vya kimondo kilichoanguka Arizona; yanayouzwa leo hutengenezwa maabara. Ugumu wake ni zaidi ya 9, halichubuki ovyo, na hutoa rangi za upinde wa mvua kuliko hata almasi. Mtu akilinunua na kulivaa kwa jina lake, amepata bei nzuri na hana wa kumwogopa. Ubaya uko katika kunyamaza. “Nani atamwambia?” Sonara atamwambia. Kile kifaa cha mfukoni kinachopima almasi kwa jinsi inavyopitisha joto kinaweza kudanganyika nalo, lakini lenzi haidanganyiki: ukilitazama kwa upande, kingo za nyuso zilizo nyuma huonekana mbili mbili, kama maandishi machoni mwa mtu mwenye usingizi. Siku moja alikuja mama kukazisha jiwe lililolegea. Bwana niliyefanya naye kazi akaweka lenzi jichoni na, kwa nia njema kabisa, akauliza, “Hii moisanaiti yako uliipata wapi?” Mama yule hakujibu. Aliichukua karatasi ya risiti mkononi mwangu, akaifunga pete ndani yake mara tatu, nne, akaitia mkobani na kutoka. Hakurudi tena, hata kuichukua amana aliyoiacha. Miaka 20 ya ndoa usiiweke mahali pa kufikiwa na lenzi ya fundi.

Wala usije ukashawishika na ile nyongeza ya awamu. Dhana kwamba pete ya mwanamke lazima imgharimu mume mshahara wa mwezi mmoja au miwili ilienezwa na matangazo ya kampuni ya almasi ya De Beers katika karne ya 20. Haikutoka kwa wazee wala katika dini. Bei uliyopanga ulipokuwa nyumbani, umetulia, ndiyo bei.

Sasa nikuulize jambo ambalo hakuna muuzaji kati ya wale watatu aliyekuuliza: mkono utakaoivaa unafanya kazi gani? Mkeo anashona. Siku nzima mkono wake unapita juu ya vitambaa, unaingia chini ya shifoni, unanyoosha lesi. Pete ya kawaida ya almasi hushika jiwe kwa vikucha vinne au sita vilivyosimama, na kila kikucha ni ndoana. Wiki ya kwanza itavuta uzi wa nguo ya mteja. Wiki ya pili ataivua kila aketipo kwenye cherehani. Mwezi wa tatu itakuwa imeungana na mwenzake ndani ya kopo la vifungo. Na uzi uliovutwa mara nyingi hulegeza kikucha, jiwe likaanguka sakafuni kati ya vipande vya kitambaa, akalifagia mwenyewe bila kujua. Jiwe la karati na nusu lililosimama juu kwa mkono kama huo ni adhabu.

Mwombe sonara akutengenezee pete ambayo jiwe limezungushiwa ukuta mwembamba wa dhahabu pande zote na kukaa chini, karibu na kidole. Haina kitu cha kunasa kitambaa, na ukuta huo hulinda ukingo wa jiwe. Almasi haikwaruziki kirahisi, lakini ina mielekeo ambayo ikigongwa vibaya hupasuka, na fundi hugonga mkono mezani mara nyingi kuliko anavyokumbuka. Ukuta wa dhahabu ya manjano huficha pia umanjano kidogo wa jiwe, na ukiwa wa dhahabu nyeupe hulifanya lionekane pana zaidi. Zile pete zenye jiwe la kati lililozungukwa na vijiwe vidogo vingi huongeza ukubwa machoni kwa gharama ndogo, na kwa mtu mwingine ningekusifia, lakini kila kijiwe kina vikucha vyake, kwa hiyo kwa mkeo hapana.

Dhahabu yenyewe nayo ina karati zake, na neno hilo moja kwa vitu viwili limewachanganya wengi. Karati ya dhahabu ni usafi: sehemu ngapi kati ya 24 ni dhahabu. Ya karati 18 hugongwa muhuri 750, ya 14 hugongwa 585, ya 9 hugongwa 375. Kwa mkono wa kazi, karati 14 ni imara na si ghali sana. Dhahabu nyeupe hupakwa madini ya rodiamu, ambayo huchakaa na kuhitaji kupakwa upya baada ya muda, na hiyo ni gharama isiyoisha. Kwa akiba kama yako ningechukua ya manjano.

Umeniuliza uchague lipi, nami sitakukwepa. Ikiwa utagundua kwamba mkeo anajali jiwe limetoka wapi, nunua lile la duka la pili na ulihamishie kwenye pete ya ukuta mfupi, hata ikibidi usubiri miezi miwili ya akiba zaidi. Ikiwa hajali, nenda kwenye duka la tatu, lakini achana na karati moja na nusu. Omba jiwe la maabara la karati 0.70 au 0.80, lenye mkato wa daraja la juu na cheti cha maabara, na pesa itakayobaki iweke kwenye kazi ya sonara mzuri. Mimi binafsi ningechukua hilo la maabara. Risiti iandikwe wazi kwamba ni almasi iliyotengenezwa maabara, iwe na namba ya cheti, uzito wa jiwe peke yake na karati ya dhahabu, na muda unaoruhusiwa kuirudisha. Na siku ya kumvisha mwambie ni ya maabara, kabla hajauliza.

Kama moyo wako haujafungwa kwenye pete, fikiria hereni za kipini. Bei ya kila karati huongezeka kadiri jiwe linavyokuwa kubwa, kwa hiyo mawe mawili ya robo karati ni rahisi kuliko moja la nusu lenye sifa zile zile. Sikioni hayagongwi na meza, hayagusi kitambaa, na hutazamwa kwa mbali, hivyo waweza kushuka daraja moja la rangi au usafi bila mtu kutambua. Angalia tu kibandiko: kikisema karati moja kwenye hereni, mara nyingi ni jumla ya zote mbili.

Ukiamua pete, usichukue ile ya fedha kwenda kupimia kidole. Ilikatwa kwa sababu haikumtosha, na kidole cha leo si cha miaka 20 iliyopita. Tafuta pete yoyote anayovaa sasa, au anapolala jioni mzungushie uzi kidoleni uukate, kwa sababu vidole hupungua asubuhi ya baridi na huvimba jioni ya joto, na kipimo cha jioni hakitambana. Muulize sonara mapema kama atairekebisha bure isipomkaa, maana pete ya ukuta ni ngumu kidogo kupanuliwa.

Ile ya fedha ipeleke pia siku hiyo hiyo. Kuiunga palipokatwa na kuiongezea kipande ni kazi ndogo kwa sonara, ya gharama ndogo, na mkeo atakuwa na pete laini isiyo na jiwe ya kuvaa akiwa kwenye cherehani.